Pombe Iliyongoja Wageni

Komarock, Jumapili jioni

Nafula mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijawahi kunitoka: sauti ya kikombe cha bati kikipinduliwa juu ya meza ya mbao. Tok. Si sauti kubwa, ukiwa jikoni huisikii. Niliisikia kabla hujazaliwa, sebuleni kwa Kukhu, mama wa baba yako, kule Makongeni, na tangu siku hiyo kikombe kikigusa meza popote nilipo hugeuza kichwa. Kilichopinduliwa siku hiyo kilikuwa mkononi mwa baba yako. Nataka kukueleza kilikuwa na nini ndani, kwa sababu miaka yote hii nimekueleza nusu.

Mambo ya shule ya bweni unayoanza kesho, ya sanduku, kufuli, sabuni, na ndoo usiyotakiwa kumwazima mtu, shangazi yako Rose ameshayasema. Anaendelea kuyasema hata sasa, nakusikia ukimjibu "ndiyo shangazi" huko chumbani. Sitayarudia. Nimechoka, Nafula. Sisemi uchovu wa kufua sare na kushona majina. Ulimi wangu wenyewe umechoka. Muda mfupi uliopita umeniletea maji ya kunywa, na nimepata humo ladha ya bomba, ya ndoo ya plastiki, ya mkono wako ulioyachota ukiwa bado na mafuta ya kujipaka. Maji tu. Hivyo ndivyo nilivyo, na wewe umekulia ndani ya nyumba ya mtu wa namna hiyo.

Kazi yangu ya kuonja bia kiwandani unaijua kwa juu juu. Nyanya yako wa Kakamega, mama yangu, mtu wa kanisa asiyegusa hata glasi iliyowahi kutiwa pombe, mpaka leo anawaambia watu kwamba natengeneza soda. Siku ya kwanza nilipomweleza aliuliza, "Kwa hiyo wanakulipa ulewe?" Silewi. Tunaketi watu watano kwenye chumba cheupe kisicho na picha wala harufu, kila mtu kwenye kijisehemu chake. Tunaletewa vikombe vitatu. Viwili vimetoka chupa moja, kimoja ni mgeni, na kazi ni kumtafuta mgeni. Hatutemi. Uchungu wa bia uko nyuma ya ulimi na mtu asipomeza haujui. Baada ya kila kikombe tunakula kipande cha mkate usio na chumvi, tunasukutua kwa maji, tunaanza tena. Hakuna kuongea, hakuna hata kukunja uso, maana mwenzako akikuona umekunja naye ataonja mkunjo wako.

Hii bia yetu mpya ni nyepesi, rangi yake kama majani makavu. Wengi hudhani bia nyepesi ni rahisi kuipima. Ndiyo ngumu kuliko zote. Bia nzito ina vingi vya kufunika makosa, kama mchuzi wenye viungo. Nyepesi haina nguo. Ikibaki na harufu ya siagi, unaipata. Ikiwa ilikutana na hewa, unapata karatasi iliyolowa. Mimi huzipata kabla ya wengine wote. Ndiyo maana Odhiambo, dereva wetu, hunisalimia kila asubuhi getini, "Sasa, Mama Ulimi! Leo unamhukumu nani?"

Kwa sababu ya ulimi huo umekula sukuma wiki bila kitunguu kila siku ya kazi tangu ukiwa mdogo. Pilipili uliijua kwa majirani. Na ulipoanza kupika mwenyewe ulikuwa ukiniwekea sahani, unasimama pembeni, unauliza, "Mama, alama ngapi?" Nami nilikuwa natoa alama. Nilidhani tunacheza. Ugali, saba. Maharagwe, tano, kwa sababu uliyaonjea chumvi yakiwa bado ya moto sana. Siku moja hukuuliza tena. Uliweka sahani ukaondoka. Sikumbuki ni lini, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba mimi ninayesikia bomba ndani ya maji sikusikia siku mwanangu aliponyamaza.

Basi nikupeleke Makongeni.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea mambo ya vyakula, na somo la uchachushaji lilikuwa langu. Wanjala, baba yako, alikuwa ameanza kazi ya ukarani railway, kama baba yake kabla yake, na waliishi kwenye nyumba zile za wafanyakazi. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Watu wa kwetu wangekuja kutoka Kakamega kuiona nyumba nitakayoingia, na Kukhu angewapikia busaa, pombe yetu ya kienyeji, maana hakuna mzee wa kwetu ambaye angekaa kwenye mazungumzo kama hayo na kikombe cha chai. Nyanya yako peke yake ndiye angekunywa chai, na alikuja na majani yake ya chai kwenye mkoba.

Kutengeneza busaa mjini wakati ule kulikuwa hatari, na bado ni hatari. Askari walikuwa wakipita wakinusa milango. Kukhu aliukaanga unga uliovundikwa alfajiri, madirisha yakiwa yamefungwa, huku jirani mmoja akikaanga samaki makusudi ili harufu zichanganyike. Akatia kimea cha wimbi, akafunika pipa kwa blanketi nyuma ya kitanda chake. Pombe ile haikai. Kuna siku yake, inapokuwa tamu na chachu kidogo, inapokuwa bado inaongea ukiweka sikio. Siku hiyo ikipita, imepita. Kukhu aliipangia Jumamosi.

Wageni wetu hawakufika Jumamosi. Kulikuwa na msiba kijijini na mjomba wangu mkubwa hakuweza kuondoka kabla ya maziko. Walifika Jumapili, jua likielekea kushuka. Mimi ndiye niliyewapokea stendi. Mimi ndiye niliyejua wamechelewa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Tukaketi. Kukhu akachuja, akajaza vikombe vya bati, akakipitisha cha kwanza. Mjomba akakiangalia, akanigeukia akicheka.

"Haya, msomi. Tuonjee. Si ndiyo shule tuliyouzia ng'ombe?"

Watu wakacheka. Nikakichukua. Nikafanya kama tulivyofundishwa: nikanusa, nikaacha pua ipumzike, nikanusa tena, nikanywa kidogo nikaipitisha pande zote za ulimi. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani, "Imechacha. Imepita siku yake. Anayekunywa hii ataumwa na tumbo."

Nilikuwa sahihi, Nafula. Nataka uelewe kwamba nilikuwa sahihi kabisa.

Kukhu alikuwa bado amesimama na kichujio mkononi, kinamtiririkia kwenye kitenge kipya. Ndipo baba yako alipoinuka alipokuwa amekaa, akanyoosha mkono, akakitoa kikombe mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akanywa. Hakupumua katikati. Alipomaliza akakipindua mezani, jinsi wanavyofanya kwao mtu akiwa ameridhika na hana la kuongeza. Tok.

"Tamu," akasema. "Mama, tamu sana."

Mjomba akapiga paja. "Ala! Huyu mkwe ana tumbo la bati!" Wakacheka wote, vikombe vikazunguka, mambo yakaendelea. Nikaolewa. Lakini mimi niliondoka pale na neno moja tu moyoni: huyu mtu anaweza kuita chachu tamu bila hata kupepesa macho.

Sikumwacha kwa sababu ya busaa. Hakuna anayeachana na mtu kwa ajili ya kikombe kimoja. Ila nilikuwa nimeshampa alama, na baada ya hapo kila alichofanya nilikiweka chini ya alama hiyo. Nikiunguza wali, anasema tamu. Nikimwuliza kama nguo imenikaa vizuri, imekukaa. Nikimwambia, "Sema kweli basi, Wanjala, mara moja tu," ananyamaza. Nikasema ananyamaza kwa sababu kweli haimo ndani yake. Miaka mitatu nilimsahihisha yule mtu kama karatasi ya mtihani, mpaka akawa haongei nyumbani ila na wewe, na wewe ulikuwa hujui kuongea vizuri. Nikakubeba nikaja huku. Ulipoanza kuuliza, nilikuambia baba yako ni mwongo. Nilikuambia kwa upole, nikifikiri upole unatosha.

Amekuwa akija. Hili pia hulijui lote. Amekuwa akija hapa getini na mkate na kitabu cha hadithi, anapiga soga na mlinzi, anangoja. Mara nyingine nimekuitia. Mara nyingi sikukuita. Mara ya mwisho nilimwambia umelala. Ilikuwa saa tisa mchana na redio yako ilikuwa inasikika mpaka nje. Akasema, "Sawa, Mama Nafula. Usimwamshe." Akaacha mkate.

Sasa nikueleze kilichonifikisha hapa, kwa sababu sikufika kwa wema wangu.

Unakumbuka mwezi uliopita nilivyokuwa narudi nimenuna. Bia yetu mpya ilikuwa imeanza kuuzwa madukani huku Eastlands na malalamiko yakaanza kuja kutoka Donholm. Zikarudishwa chupa, tukazionja. Sikuhitaji vikombe vitatu. Ilikuwa inanuka kama kicheche, yule mnyama wa harufu kali. Nikaandika kwamba imeharibikia kiwandani, na kwa jinsi ninavyoheshimiwa wale wenzangu wanne wakaandika vilevile. Anayepika bia ile ni Mercy, unamjua, tulisoma pamoja, ndiye aliyekuletea kalamu. Mkubwa wetu alitaka kumwondoa wiki hiyo hiyo.

Mercy alikuja mezani kwangu. Hakupiga kelele. Akasema, "Mama Nafula, ulikunywa bia yangu ama ulikunywa safari yake?"

"Nilikunywa kilichokuwa kwenye chupa."

"Na ilingoja wapi kabla ikufikie? Uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Haikuwa kazi yangu kuuliza. Lakini sikulala vizuri, na asubuhi nikapanda lori na Odhiambo tukaenda Donholm. Tukazikuta kreti zetu zimepangwa barazani, nje ya duka, zikitazama jua. Unajua chupa zetu ni nyeupe, kioo kitupu, mkubwa alitaka wateja waione rangi. Mwenye duka alitoka akijipangusa mikono, amefurahi kutuona.

"Madam, nimeziweka hapa makusudi. Jua likizipiga zinang'aa kama dhahabu. Watu wanasimama tu!"

"Zimekaa hapa siku ngapi?"

"Hizi? Tangu mlete."

Odhiambo akanong'ona, "Wueh. Mama Ulimi, hapo umehukumu jua."

Bia ilitoka mkononi mwa Mercy ikiwa salama. Mwanga uliingia kwenye kioo, ukaivuruga siku baada ya siku, na kwa kuwa ni nyepesi haikuwa na cha kuikinga. Nilirudi nikaandika upya. Mercy bado yuko kazini, na sasa tunapigania chupa za kahawia. Ulimi wangu haukukosea hata kidogo. Ulijua kwamba imeharibika. Haukujua kilichoiharibu, na mimi niliandika kana kwamba unajua.

Hata baada ya hapo sikufikiria Makongeni. Nakiri. Mtu anaweza kuelewa bia na asielewe kitu kingine. Kilichonifanya nifikirie ni wewe, Alhamisi, ulipokuwa unapiga pasi. Rose alikuuliza kama baba yako atakusindikiza shuleni, kwa kuwa shule iko karibu na kwao Bungoma na amekuwa akiomba kwamba wakati wa likizo fupi uende huko kwao. Hukuinua hata kichwa.

"Yule mwongo? Wa nini?"

Ulisema kwa sauti yangu. Si maneno tu, sauti yenyewe, ule mkato wa mwisho. Nilikuwa mlangoni na nimebeba nguo, nikasikia mimi naongea kutoka mdomoni mwa msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye hajawahi kukaa na yule mtu siku nzima. Hukumwonja wewe. Ulikunywa safari.

Usiku ule nikaihesabu ile Jumapili upya, na jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua likanijia nikiwa nimelala chali: pombe ilikuwa ya Jumamosi. Sisi ndio tuliochelewa. Kukhu alipika vizuri. Aliipikia siku iliyopangwa, kisha akakaa kando ya pipa akiitazama inapita, asiweze kuimwaga kwa sababu hakukuwa na nyingine, asiweze kutupigia simu kwa sababu hatukuwa na simu. Na mimi niliyesomea uchachu nikamwambia mbele ya wakwe zake kwamba imepita siku yake. Kana kwamba hakujua. Kama siyo sisi tuliompitishia.

Kwa hiyo leo, baada ya kanisa, nilipokuambia naenda kumwona Mercy, nilienda Makongeni.

Nyumba ni ile ile. Kukhu amezeeka, masikio yanamsumbua, lakini alinitambua kabla sijavua viatu.

"Ni nani huyo? Wanjala! Ni yule wa ulimi?"

"Ni yeye, Mama."

"Amekuja kuonja nini safari hii?"

Nilipiga magoti nikamsalimu. Nikajaribu kumwambia kuhusu Jumamosi na Jumapili, nikainua sauti ili asikie, mpaka nadhani majirani wote walisikia. Alinisikiliza huku akijipepea kwa kanga. Kisha akasema, "Nilijua imepita. Mtu hupika asijue? Nilitaka wanywe haraka waende." Akaniambia niketi, akamimina chai kutoka kwenye birika lililokuwa juu ya jiko tangu asubuhi. Baba yako alikuwa amesimama dirishani, mvi zimemwingia pembeni. Nikamwuliza. Sikuweza kutomwuliza.

"Ile busaa, Wanjala. Ulisema tamu. Uliionaje?"

Akacheka. Sijui kama umewahi kumsikia akicheka. "Mama Nafula, ilikuwa kama ndimu. Niliharisha mpaka Jumatano. Kazini walinipa ruhusa."

"Sasa kwa nini..."

"Mama yangu alikuwa amesimama pale na kichujio," akasema. "Alikuwa hajalala siku mbili. Wewe ulikuwa unaongea na kikombe. Mimi nilikuwa naongea na yeye."

Hakunilaumu. Aliangalia nje tena. Miaka kumi na kitu nimembebesha jina ambalo halikuwa lake. Sisemi kwamba tungeishi vizuri. Alikuwa mzito wa kusema na mimi mwepesi, na pengine tungechoshana tu kwa njia nyingine. Sikuambii umpende. Sikuambii hata useme tamu pale ambapo si tamu. Mimi mwenyewe sijui kufanya hivyo na sidhani nitajifunza sasa. Kukhu aliniuliza, "Chai iko vipi?" na nilichoweza ni kusema, "Ina moshi, Mama. Niongezee." Akacheka mpaka akakohoa. "Hajapona huyu," akamwambia mwanawe. Lakini aliniongezea, na nikainywa yote.

Nakuandikia haya sasa wakati Rose anakufundisha kukunja blanketi. Kwenye sanduku lako, pembeni ya sare, nimekuwekea vitunguu vya kukaanga kwenye chupa ya jemu. Nimevikaanga leo jioni humu ndani, madirisha wazi, na kesho nitaenda kazini nikinuka na Odhiambo atanicheka. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako ili uione ukiamka, kabla mlango haujabishwa.

Maana utabishwa. Tulikata tiketi mbili za basi, yako na yangu, viti vya pamoja. Yangu siko nayo tena. Niliiweka mezani Makongeni saa kumi, karibu na kikombe changu, nikamwambia baba yako nyumba ni ya tatu ukitoka getini na kwamba wewe unaamka saa kumi na moja bila kuamshwa. Ukikasirika, unikasirikie mimi, nitakuwa hapa mlangoni. Yeye ameshaichukua tiketi, ameitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Ni safari ya siku nzima. Ana kiti cha karibu na wewe.

Mama